Mimea ya uani: kuchagua cha kupanda penye kivuli na unyevu, Unguja na Pemba

Nyumba nyingi za visiwani zina pembe moja ambayo hakuna anayejua aifanye nini. Mji Mkongwe ni ule ua wa ndani wenye kuta ndefu, ambao jua huuchungulia kidogo tu mchana. Ng'ambo ni kichochoro baina ya bafu na ukuta wa jirani. Shamba ni nyuma ya jiko, chini ya mfenesi au muembe, mahali pasipokauka tangu masika yaanze mpaka mvua za mchoo ziishe. Hapo ndipo tunapotupa kifusi na ndoo zilizotoboka, na baada ya miaka miwili pamekuwa makao ya tandu.

Kwangu mimi ni ukanda wa hatua nane kwa tatu, ukuta wa bafu upande mmoja na muembe upande wa pili. Nilianza na asumini, kwa sababu nilitaka maua ya kikuba karibu na mlango. Ikatoa vijiti virefu vyembamba vinavyolitafuta jua juu ya ukuta, na kwa misimu miwili sikuchuma hata ua moja. Mrehani niliouweka pembeni yake ulioza shina masika ya kwanza. Nikang'oa vyote, nikajaza mayugwa, na nilifurahi nayo tangu Aprili mpaka Novemba. Ilipofika Januari majani yote yalikuwa yamelala chini.

Kosa langu lilikuwa kuchagua mmea kwa sura ya mahali siku ile ninayopanda. Mahali hapo hapo Aprili ni tope, na Februari ni vumbi tupu. Mmea wa kukaa hapo lazima uweze kuishi Aprili na uweze kuishi Februari. Hatua zote zinazofuata zinatafuta jibu la swali hilo, na mbili za mwanzo usiziruke hata kama una haraka ya kwenda kitaluni.

Hatua ya kwanza: lifuate jua la mwaka mzima

Unguja iko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, na Pemba kama nyuzi 5. Maana yake ni kwamba jua la mchana halikai upande mmoja. Kuanzia wiki ya kwanza ya Machi mpaka wiki ya kwanza ya Oktoba, jua la mchana huwa upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki huwa upande wa kusini. Kwa hiyo ubavu wa kusini wa ukuta, ulio na kivuli kizuri wakati wa kusi, hupigwa na jua la utosini wakati wa kaskazi, ambapo pia mvua hakuna. Ndicho kilichoua mayugwa yangu.

Chukua ukuta wa mita 4. Mwezi wa Juni, kati ya saa sita na saa saba mchana, kivuli chake huangukia kusini na kufika kama mita mbili na robo. Mwezi wa Disemba huangukia kaskazini, na hakizidi mita moja na robo. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua huwa juu ya paa kabisa, na mchana ule ukuta hauna kivuli cha kusema. Pima ukuta wako, piga hesabu kwa uwiano huo huo, na utajua mstari gani wa ardhi ni kivuli cha kweli na upi ni cha kuazima.

Kisha kaa uangalie. Siku isiyo na mawingu, nenda pale saa mbili asubuhi, saa tano, saa nane na saa kumi, uandike jua limefika wapi. Jua la asubuhi ni laini, na mimea mingi ya kivulini hulipenda. Jua la kuanzia saa saba hadi saa kumi ndilo linalobabua majani. Pembe inayopata jua la asubuhi kwa muda wa saa mbili au tatu tu, halafu kivuli, ni pembe bora kuliko zote, na ukiwa nayo orodha yako ya mimea inakuwa ndefu maradufu.

Kivuli cha mti ni jambo jingine. Muembe na mfenesi havipukutishi majani yote kwa pamoja, hivyo kivuli chake hakibadiliki sana mwaka mzima. Lakini mti hunywa. Mizizi yake iko karibu na uso wa ardhi, na mvua ikikatika wiki mbili tu, udongo ulio chini yake hukauka kabla ya ule wa uwanjani. Watu wengi huona giza na majani yaliyooza chini ya muembe, wakadhani pana ubichi. Chimba kidogo kwa mkono mwezi wa Januari uone.

Hatua ya pili: pima maji kwa shimo

Chimba shimo la upana wa shibiri mbili na kina cha kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko. Jaza maji, yaache yanywewe, halafu jaza tena na uangalie saa. Yakiisha ndani ya saa moja, udongo wako ni kichanga au umejaa kifusi, na ubichi unaouona juu hautadumu. Yakiisha baada ya saa tatu au nne, mshukuru Mungu, kwa kuwa hapo karibu kila mmea wa kivulini utakaa. Yakiwa bado yamo kesho yake, una kinamo chini, au mwamba, au karo la jirani linavuja, na hapo mmea wenye mizizi ya kawaida utakosa hewa na kuoza.

Fanya kipimo hiki mara mbili: mara moja katikati ya masika, na mara moja wakati wa kaskazi. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, karibu milimita 1,900 kwa mwaka dhidi ya 1,600 hivi, lakini Pemba ni vilima na mabonde. Nyumba mbili za mtaa mmoja, moja mlimani na moja bondeni, zinaweza kuwa na majibu yaliyo mbali kabisa.

Hatua ya tatu: chokaa na chumvi

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kila mvua inayoteremka ukutani hubeba chokaa kidogo mpaka kwenye udongo ulio chini yake, na kifusi cha lipu ya zamani huongeza. Udongo wa namna hiyo huzuia mmea usipate madini ya chuma hata kama yamo. Dalili utaijua: jani jipya hutoka la manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ukiliona hilo, usimwage mbolea zaidi. Ondoa kifusi kwa kina cha dhiraa moja, weka udongo mwekundu wa kinongo uliochanganywa na majani yaliyooza, au achana na ardhi uende kwenye vyungu.

Maeneo ya mawe kama Makunduchi, Paje, Nungwi na Micheweni, udongo uko kwenye mifuko tu baina ya mawe. Usipigane na jiwe. Tafuta mfuko wenye kina, panda humo mmoja mmoja.

Kuhusu chumvi, mchanga wa pwani usiuchanganye na udongo wa kupandia, na uwe mwangalifu na makumbi. Makumbi ya nazi ni kitu kizuri sana kwa mimea ya kivulini, yanashika maji na yanapitisha hewa. Lakini yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamelewa maji ya bahari. Yaache nje masika moja yasafike kwa mvua, au tumia makavu yaliyotoka moja kwa moja kwenye nazi.

Hatua ya nne: chagua

Nenda ukatazame kwanza kinachoota chenyewe. Msitu wa Jozani una maji karibu na uso wa ardhi, na masika hufurika. Masingini, juu ya mji, na Ngezi kule kaskazini ya Pemba, ni misitu ya kivuli kizito. Tembea humo na mlinzi wa msitu, uangalie mimea ya chini: kangaga zilizotanda, michikichi michanga, mitambaa inayopanda mashina. Hiyo ndiyo mimea iliyokwisha kuzijua Aprili zetu na Februari zetu. Usichimbe hata mmoja. Misitu hiyo inalindwa, na mche uliong'olewa msituni mara nyingi hufa njiani. Unakwenda kusoma tu.

Penye maji yanayosimama, pale maji ya bafu yanapotokea, sijaona cha kushinda majimbi. Wazee wetu waliyapanda hapo, na walikuwa na sababu. Mizizi yake huvumilia tope, majani yake mapana hunywa maji mengi, na mwisho unapata mboga ya mayugwa na viazi vya futari ya Ramadhani. Sharti lake ni kwamba Januari na Februari umwagilie kila siku, kwa hiyo panda pale ambapo maji ya kuogea yanafika yenyewe. Sabuni kidogo haidhuru. Maji ya kufulia yenye dawa ya kutoa madoa yapeleke kwengine, na maji ya choo yasifike kabisa kwenye kitu cha kuliwa. Jimbi na majani yake yana chembe zinazowasha koo, hivyo yapikwe mpaka yaive kweli kweli. Mgomba nao hufaa kando ya tope, si ndani yake.

Penye ubichi ambapo maji hupita, hapo ndipo utajiri ulipo, na hapa nitakaa kidogo.

Manjano na tangawizi hukubali nusu kivuli. Panda vipande vyenye jicho masika yanapoanza, kina cha vidole vitatu, umbali wa shibiri moja na kidogo, juu ya tuta lililonyanyuka ili mvua kubwa isivioze. Uzuri wake ni kwamba vinaendana na mwaka wetu: vinakua wakati wa mvua, na majani yakikauka kuanzia Disemba unavuna. Februari havipo juu ya ardhi, basi havina cha kuteseka. Iliki nayo itakupa majani mazuri yenye harufu, lakini ni mmea uliozoea baridi ya milimani. Ipande kwa majani, na punje chache utakazopata kule chini ya shina zichukue kama zawadi.

Nanaa hutambaa vizuri kando ya bomba. Kotmiri penye jua la asubuhi tu huchelewa kutoa maua kuliko iliyo juani, na hiyo ndiyo faida ya kivuli. Mpachori, ambao majani yake makavu tunaweka kwenye kasha la nguo, hustawi mno penye ubichi na nusu kivuli, na mimi nashangaa kwa nini siku hizi hauonekani kwenye nyua nyingi.

Kwa anayetaka ua la kunukia na hana jua la asumini, jibu langu ni mkilua. Asili yake ni misitu ya mwambao wa Kenya na Tanzania, chini ya miti mirefu, kwa hiyo kivuli kwake ni nyumbani. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Bernard Verdcourt, aliuandika kwa jina la Mkilua fragrans, na neno letu la Kiswahili likawa jina la jenasi yake nzima, yaani ukoo wake wa mimea, duniani. Kilua moja ndani ya nywele au nguo hunukia siku nzima. Hukua polepole, hauvumilii maji kusimama, na unataka udongo wenye majani mengi yaliyooza. Uvumilie.

Kwa rangi, kuna yale maua laini yenye shina la maji, mekundu, meupe na ya waridi, yanayofungua mbegu zake kwa kupasuka ukizigusa. Wengi wanadhani yametoka ng'ambo. Ni ya Afrika Mashariki. John Kirk, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza hapa Zanzibar, aliyapeleka kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, na mwaka 1882 yakaandikwa kitaalamu Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, naye wakati ule alikuwa Seyyid Barghash. Leo wataalamu wanayaita Impatiens walleriana. Kijiti chake kikikaa kwenye gilasi ya maji hutoa mizizi haraka. Yakikosa maji siku moja hulala, ukimwagilia jioni, asubuhi yameamka.

Mpapindi ni mnazi mdogo wa msitu wa Ngezi, na asili yake ni Pemba peke yake, hakuna kwengine duniani. Hutoa mashina kadhaa pamoja, membamba yenye mapingili, na mche wake hupenda kivuli. Watu wa nchi za mbali wanaupanda kwenye bustani zao, na nyua zetu nyingi hazina. Mbegu yake huchukua miezi kuota, hivyo afadhali kununua mche uliooteshwa kitaluni. Uache nafasi, kwani baadaye utapita urefu wa ukuta.

Chini ya mti mkubwa, usilime kwa jembe ukaikata mizizi. Tumia mti wenyewe. Mpilipili manga hupanda shina la mfenesi kwa raha, kama unavyoonekana kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi. Vanila pia, ijapokuwa yenyewe hupendelea mti mdogo usiobabua gome, na wengi hutumia mbono. Vanila inataka kivuli kilichochujwa, si giza. Gizani itakupa kamba tu. Panda kipande cha mita moja, subiri kama miaka mitatu. Ua lake hufunguka asubuhi moja na kufa mchana, na hapa kwetu lazima ulichavushe kwa mkono kwa kijiti, kama alivyogundua Edmond Albius, kijana mtumwa wa kisiwa cha Réunion, mwaka 1841. Kisha tumba hukaa miezi tisa hivi mpaka likomae. Yote mawili, pilipili manga na vanila, mizizi ikikaa kwenye maji huoza, kwa hiyo inua udongo.

Na kwa kile kivuli kikavu cha Februari chini ya muembe, kuna mmea wa mwambao wetu huu wa Afrika Mashariki wenye majani mazito yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta, unaoitwa kitaalamu Zamioculcas. Huweka maji ndani ya kiazi chake na huweza kukaa wiki kadhaa bila kumwagiliwa. Kinyume chake, tope la Aprili litauua. Uweke juu ya kichuguu cha udongo au kwenye chungu.

Ua wa ndani wa Mji Mkongwe ni kazi ya vyungu, na hapo kangaga ndiyo malkia. Chungu cha udongo wa kuchoma, makumbi nusu na mboji nusu, tundu la chini lililo wazi. Usiviegemeze ukutani, acha nafasi ya dhiraa moja hewa ipite, maana lipu ya chokaa inayolowa daima humenyuka.

Hatua ya tano: vya kukataa

Asumini, mrehani, mchaichai na waridi vinataka jua. Ukipewa bure, mpe mwenye uwanja.

Mitambaa ya kushika ukuta usiilete karibu na nyumba ya mawe. Mche wa mtini unaoota wenyewe ukutani, ndege akiwa ndiye aliyeleta mbegu, ung'oe ukiwa na majani mawili. Ukifika kiasi cha kidole, mizizi yake imeshaingia baina ya mawe, na nimeona ukuta wa ghorofa uliopasuliwa namna hiyo.

Kama kuna watoto wanaotambaa, uliza kabla ya kununua mmea wa majani yenye mabaka meupe. Dieffenbachia, inayouzwa sana, utomvu wake huvimbisha ulimi na koo. Zamioculcas na vanila mbichi navyo utomvu wake huwasha ngozi, basi weka mbali na njia yao.

Hatua ya sita: kupanda

Pale panapojaa maji Aprili, panda mwanzo wa vuli, ili mizizi ishike kabla ya masika. Pale panapokauka Februari, panda masika yanapoingia, ili mmea uwe na miezi kumi ya kujijenga. Shimo lenye upana mara mbili ya fundo la mizizi, mboji kiasi, shingo ya mmea isizikwe. Funika juu kwa majani makavu unene wa vidole vinne, lakini usiyasogeze kwenye shina. Usibananishe miche, hewa isipopita, ukungu utapita.

Hatua ya saba: konokono na mbu

Penye kivuli na ubichi, konokono mkubwa wa kwetu ndiye adui wa kwanza. Hula miche usiku na hutaga mayai kwa mamia udongoni. Majivu huzuia mpaka mvua ya kwanza tu. Dawa ni taa ya mkononi, saa mbili au saa tatu usiku baada ya mvua, na ndoo. Vaa glavu au tumia mfuko, kwa kuwa konokono anaweza kubeba minyoo inayodhuru watu. Geuza mbao na vyungu vilivyolala chini, ndipo anapolala mchana.

Mbu ni jambo la afya ya nyumba nzima. Katika joto letu, yai la mbu linaweza kuwa mbu anayeruka kwa wiki moja hivi. Mbu wa homa ya dengi hutosheka na maji kidogo ya kisahani cha chungu, kifuu cha nazi, hata yale yanayotuama kwenye kikonyo cha jimbi na mgomba. Chagua siku moja kwa wiki, mimi ni Ijumaa asubuhi, umwage visahani vyote na upige vikonyo maji ya nguvu yatoe kilichomo. Kama huwezi kufanya hivyo, usiweke visahani.

Ukanda wangu sasa una majimbi kwenye mdomo wa bafu, tuta mbili za manjano, mpachori, mkilua uliofika magotini, na mpilipili manga juu ya muembe. Zamioculcas ziko tatu kwenye kichuguu. Maua ya sultani nayamwagilia jioni kuanzia Disemba, kata moja kila shina. Imebaki nafasi tupu ya hatua moja, pale jua la Januari linapopenya baina ya paa na tawi. Nimejaribu mimea miwili hapo, yote imekauka. Masika haya naweka kangaga ndani ya chungu, ili ikifika kaskazi niisogeze.